Kiti cha Mfalme wa Sikkim

Kiti cha Mzungu kilikuwa kirefu kuliko cha Mfalme. Ongden, mtandika mazulia wa ikulu, aliliona hilo machifu wakiwa tayari mlangoni.

"Mito miwili tu ya kukalia Mfalme," mkalimani wa Mzungu alikuwa ameshamwonya. "Ndiyo amri ya Bwana Mkubwa. Ukiongeza wa tatu, utaozea jela ya Darjeeling."

Machifu wakimwona Mfalme amekaa chini ya mgeni, kesho wataenda kumwapia mgeni utii.

Ongden akaiondoa mito, akapiga magoti mahali pake na kujikunja. "Nifunike, dada," akamwambia mfagiaji wa ukumbi. "Mito juu yangu, zulia juu ya mito."

"Na huo mgongo wako unaolia kama mlango mbovu?"

"Funika tu, dada. Wanaingia."

Chini ya zulia palinuka sufu na siagi ya kuwashia taa. Kisha uzito ukamshukia, na haukuwa mwingi. Miezi ya kifungo mikononi mwa Wazungu ilikuwa imemla Mfalme. Jasho likamtiririka Ongden hadi ncha ya pua, likaning'inia. Hakuthubutu kulifuta.

"Bwana Mkubwa anaomba Mfalme aje mezani atie mkataba muhuri," mkalimani alisema.

Mfalme akiinuka, ukumbi mzima utaliona zulia likipumua.

Kisigino kikamgusa Ongden ubavuni, taratibu, kama cha mtu anayemtuliza farasi.

"Mwambie miguu anayo," Mfalme alisema. "Mimi nimeshakaa."

Mgongo wa Ongden ukaanza kutetemeka.

Kisha kiti cha Mzungu kikasukumwa nyuma, na viatu vyake vikaanza kuja kwa Mfalme, pamoja na mchakacho wa karatasi.