Bahasha Isiyo na Gundi

Mwalimu mkuu Lusweti aliiandika barua kwa Kiingereza makusudi, na bahasha hakuipaka gundi. Gundi ya nini, na mbebaji ni Pascalia mfagiaji?

"Mpelekee mwenyekiti wa kamati, Mzee Wanzala. Mkononi mwake."

"Ni habari njema, mwalimu?"

"Ni mambo ya Kiingereza, mama. Wewe beba tu."

"Basi nitatembea nayo polepole, isimwagike," akasema Pascalia, akamwachia kikombe cha uji. Uji wa mwalimu aliuchuja mara mbili kila siku, kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo.

Yote yalianzia kwenye kompyuta. Wafadhili waliileta shuleni hapo, nje kidogo ya mji wa Kakamega, mwaka wa 1997, iwafundishe watoto wadogo Kiingereza kwa hadithi. Walipoiwasha mbele ya wote, picha zilitembea, sauti ya mwanamke ikasoma, na kila neno likang'aa lilipotamkwa. Kesho yake Lusweti aliifunika kwa kitambaa alichofuma mkewe, akafunga chumba. Mikono ya watoto ina matope. Kila Ijumaa walivua viatu, wakaitazama kutoka mlangoni.

Hata hivyo, Kiingereza kilikuja. Kwenye foleni ya uji wa Pascalia watoto walisimuliana habari za sungura aliyetaka viatu, kwa Kiingereza kilichonyooka. Lusweti akawaandikia wafadhili kwamba mashine yao ni ya ajabu, inafundisha hata ikiwa imezimwa.

Aliyemuudhi ni Pascalia. Yeye peke yake aliruhusiwa kuingia kupangusa vumbi, na kila asubuhi alimaliza saa mbili nzima humo ndani. Analala, Lusweti akaamua. Ndipo akaandika: mama huyu hajui hata neno moja la Kiingereza, anaikalia mashine kama kuku anayeatamia, afutwe kazi, na nafasi yake apewe shemeji yangu, Dinah. Mzee Wanzala naye hakujua Kiingereza, lakini kila barua ya shule alisomewa na jirani yake, karani Were.

Saa kumi alasiri Pascalia akarudi. Aliweka mezani kikombe kingine cha uji, na jibu kando yake, akaenda kuosha sufuria.

Lusweti alikunywa kwanza. Hata alimhurumia kidogo: mjane, wajukuu watatu, na mshahara ni huo mmoja. Kisha akaikunjua karatasi.

"Mwalimu, barua nimesomewa yote, hata pale pa kuku. Ufunguo wa chumba mpe Pascalia leo hii. Were yuko Mautuma tangu Jumatatu, amenisomea aliyeileta."