Basi Nyuma ya Ngendo

Ngendo alikuwa katikati ya mlima wa Mukurweini, mtungi wa maziwa ya kuuza deri, kiwanda cha maziwa, umefungwa nyuma ya baiskeli, aliposikia basi likija. Mvua za El Nino zilikuwa zimekula ukingo wa lami. Siku zote alikuwa akishuka mtaroni kuyapisha mabasi.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyegongwa na basi kwenye mlima huo huo. Kiti hakuwa amekishusha. Alikanyaga pedeli kwa ncha za vidole.

Leo hakushuka. Alikaza mikono kwenye usukani, akangoja honi.

Honi haikulia. Basi lilipunguza mwendo, likamfuata polepole.

"Dereva, si umpite? Tumechelewa," abiria mmoja alisema dirishani.

"Mbele ni kona," dereva akajibu. "Wacha mama apande. Hii barabara ni yake pia."

Huko juu, barabara iliponyooka, basi likampita kwa mbali, upande wa pili kabisa, na dereva akainua mkono.

Ngendo alisimama, mguu mmoja chini. Alitamani kukimbia nyumbani akamsimulie mumewe. Ndipo akakumbuka, akabaki pale, akilitazama basi likienda.