Ndogo ya Bluu

"Hiyo pikipiki ya kike siipandi, usinitie aibu!"

"Aibu uliipata siku ile mtaroni. Mguu wenyewe haujapona sawasawa, unataka tena dubwana?"

Kibwana akampita mkewe, Rukia, akaziendea pikipiki kubwa. Tangu aanguke mtaroni na kuvunjika mguu wa kushoto hajagusa pikipiki, na leo wamekuja dukani kuchagua ya kuanzia upya. Rukia alikuwa ameshikilia ile ndogo ya bluu. Kibwana akakwea moja kubwa nyekundu.

"Panda nyuma basi, uone kama siwezi."

Rukia akavaa helmeti yake mpya, akakunja kitenge, akapanda, akaegemea kushoto mzima mzima. Goti la Kibwana likaanza kutetemeka. Jasho likamtoka, pikipiki ikawa inalala, mpaka muuzaji akakimbia kuidaka.

"Umefanya makusudi wewe!"

"Kwani barabara itakuomba ruhusa?"

Rukia akashuka. Akavua helmeti yake, akaitundika kwenye kioo cha ile ndogo ya bluu.

"Ukichukua hiyo kubwa, tafuta mwingine wa kumpakia. Ukichukua hii, utanikuta njiani."

"Bosi, niwashe ipi?" muuzaji akauliza.

Kibwana alikuwa anaiangalia helmeti inavyobembea. Rukia akageuka, akaondoka zake kwa miguu.