Mji wa Mzee Makame

Bi Siwema alimenya ndizi mbichi, akazikamulia ndimu zisigeuke nyeusi. Ndivyo daktari alivyomweleza asubuhi habari ya mumewe: hewa hii tunayovuta huula ubongo polepole, kama ndizi iliyomenywa. Mwilini mna vimeng'enya vya kuukinga, ila vya Mzee Makame vimechoka.

"Na ndimu je?" aliuliza.

Daktari akatikisa kichwa. "Haifiki huko, bibi."

Makame alikuwa ameketi kibarazani, akimtazama mkewe kama mpangaji mgeni. Siku ya harusi yao alimtegea kitendawili: "Nina taa moja, mwanga wake nauona nikifumba macho." Siwema alikataa kutoa mji, maana kutoa mji ni kukubali kushindwa, na miaka yote hiyo wakawa wanataniana. Leo akaogopa kwamba jibu litapotea na yeye hajalisikia.

Akaketi karibu naye. "Mume wangu, ile taa yako imenishinda. Nakupa mji, niambie."

"Mji gani?"

"Wowote utakao. Hata huu wetu, na soko lake na inzi wake."

Makame akacheka kidogo. "Huo kaa nao. Nipe ule anaokaa mke wangu. Jibu analo yeye."

Mzee akaanza kupapasa chini ya kiti, anatafuta viatu. Siwema akapiga magoti, akamvisha kimoja, kisha cha pili.

"Ahsante, mama," alisema Makame. Akasimama, akamshika bega, akingoja aonyeshwe njia.