Kutoa Upepo

Nyee, nyee, nyee. Starta ilizunguka, lori halikuwaka.

"Kijana, unamwamsha marehemu?" mnunuzi wa vyuma chakavu alicheka, ameegemea mtungi wake wa gesi ya kukatia.

Shangazi hakucheka. Aliliendesha lori hili jeshini miaka kumi na minane, akalinunua mnadani yeye nalo walipostaafishwa pamoja. Injini ya petroli ilipokufa, mimi ndiye niliyejigamba kuwa naweza kufunga ya dizeli, nikaifunga. Naye alishatoa neno: lisipowaka leo, likatwe.

"Umetoa upepo?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Masikio yakaniwaka moto. Hewa ikibaki kwenye mpira wa mafuta, dizeli haiwaki. Hata mwosha magari anajua. Nilikuwa tayari na visingizio vitatu: betri, nozeli, pampu.

"Hapana, Shangazi," nilisema, mnunuzi naye asikie. "Nimesahau. Nimezoea petroli."

"Basi shika spana, fundi wa mafundi."

Nililegeza boliti ya kutolea hewa, nikaanza kupiga pampu ya mkono. Povu jeupe likatoka likikoroma. Nikapiga tena, na tena. Mapovu yakawa madogo kama mbegu za mchicha, yakaadimika, kisha dizeli tupu ikateremka kwenye kiganja changu, nyororo, ya uvuguvugu, bila hata tone la hewa.

Mnunuzi aliacha kuegemea mtungi.

Nikakaza boliti, nikamfungulia Shangazi mlango wa dereva.

"Panda. Leo utapiga honi ya lori hili mbele ya nyumba yako. Nakuahidi."