Jani la Sale

Ndeshukuru aliporudi na maji ya kunywa, mpaka kati ya shamba lake na la shemeji yake haukuwepo. Shemeji huyo, Elingaya, aliyejitolea kufyeka vichaka vilivyoufunika, alikuwa ameondoa na masale yote, mimea ya mpaka aliyoipanda marehemu mumewe.

"Shemeji! Masale yako wapi?"

"Yalijificha humo humo vichakani. Panga halina macho."

Elingaya akaokota jani moja la sale, akalifunga fundo, akapiga magoti mbele ya majirani waliokusanyika.

"Nisamehe, shemeji."

Kwao sale huonyesha mpaka, na huomba msamaha. Hata adui akilileta, halikataliwi. Ndeshukuru alilipokea kwa mikono miwili. Majirani wakapiga makofi.

Akatembea nalo taratibu pale ulipokuwa mpaka, akitafuta visiki, maana panga huacha visiki. Hakukiona hata kimoja. Palikuwa na udongo laini tu, uliosawazishwa kwa jembe.