Mawe Mawili ya Ngiri

Wakati wanyama walipokuwa na mahakama yao, Ngiri alishika kazi mbili mbele ya Hakimu Kobe. Akisimama juu ya jiwe jekundu, alikuwa mwendesha mashtaka wa nchi nzima. Akirukia jiwe jeupe, alikuwa wakili wa Mfalme Tembo.

Siku moja Kanga alikuja akilia kwamba Mfalme amemkanyagia mayai. Ngiri akapanda jiwe jekundu. "Huu ni uhalifu!" Akarukia jeupe. "Mfalme anakana." Akarudi jekundu, akashusha pumzi. "Basi, nafuta kesi." Akaenda kula, roho kwatu.

Juma lililofuata Mfalme akakanyaga shimo la Ngiri mwenyewe, watoto wakaponea chupuchupu. Ngiri akapanda jiwe jekundu huku akitokwa povu, akashtaki mpaka sauti ikamkauka. Kisha, kwa mazoea, akarukia jeupe, akajijibu vizuri mno hata Kobe akampa Mfalme ushindi.

"Hongera, wakili wangu," Mfalme akasema. "Hujawahi kuniangusha."

Ngiri akapiga magoti. "Mtukufu, nakusihi, jiwe moja mpe mwingine!"

Mfalme, kwa furaha ya ushindi, akampa Kanga jiwe jekundu. Kanga hakupoteza muda, akafufua kesi zote mbili, ya mayai na ya shimo. Ngiri akapanda jiwe jeupe, akamtetea Mfalme kwa nguvu zake zote, akabwagwa vibaya. Mfalme akaamriwa alinde kiota cha Kanga, na amchimbie Ngiri shimo jipya kwa pembe zake.

Wakili aliyeshindwa akarudi nyumbani mbio, mkia juu.